Hesabu za kahawa: Kufunga makro bila kukata rejea

Bei ya mnada wa kahawa wa Moshi ilizoeleka kutangazwa kwa dola za Marekani kwa kila kilo 50. Mkulima wa Mkuu, Rombo, hulipwa kwa shilingi, na kahawa yake hupimwa ikiwa bado na ganda. Katikati kuna hesabu, ambayo wanunuzi wengine huifanya kwa makro ya Excel.

Tuseme bei ni dola 200, yaani dola 4 kwa kilo. Kilo 100 zenye ganda zikikobolewa zikatoa kilo 80 safi, thamani yake ni dola 320 kabla ya makato. Mtu akiingia kwenye makro akabadili 80 kuwa 75, dola 20 zimepotea, na karatasi ya malipo haitaonyesha dosari yoyote. Ndiyo sababu makro hufungwa.

Wengi huhofu kwamba wakifunga faili la nyongeza lenye makro, majedwali ya vituoni yanayolitegemea yatakwama siku ya malipo. Sivyo. Kufuli huzuia kusoma na kubadili maandishi ya programu, si kuitumia.

Kinachokata rejea ni mambo mengine. Kwanza, jina la mradi: Excel huipa kila miradi jina VBAProject, na miradi miwili yenye jina moja hugongana. Mradi upewe jina lake, mathalani HesabuKahawa, kabla ya kufungwa, na lisibadilishwe tena. Pili, mahali pa faili: likihamishwa au kupewa jina jipya, orodha ya rejea huweza kuonyesha neno MISSING na makro kugoma. Hata kulihifadhi upya kama .xlam, aina iliyoanza na Excel 2007, ni kulibadili jina. Tatu, majina ya kazi zinazoitwa na majedwali yasiguswe.

Kufunga kwenyewe ni kuweka alama ya kufunga mradi katika sifa zake, kuandika neno la siri, kuhifadhi, kisha kufunga faili na kulifungua upya. Kabla ya hapo kufuli halifanyi kazi.

Hata hivyo, kufuli hilo ni dhaifu; fundi mwenye zana hulivunja. Nakala isiyofungwa ihifadhiwe kwa mwenye dhamana, na kila msimu karani akokotoe malipo machache kwa mkono na kuyalinganisha na ya kompyuta.