Kilo 250 Nje ya Lami: Somo la Mwendeshaji Mgeni

Mashindano ya Paris–Dakar yalipoanza Desemba 1978, Mfaransa Cyril Neveu alishinda kwa Yamaha XT 500, pikipiki ya silinda moja isiyo na makuu. Mwaka 1980 BMW ikaingiza sokoni R 80 G/S, yenye silinda mbili na injini ya karibu cc 800, na mwaka 1981 Hubert Auriol akaibeba Dakar kwa mashine iliyotokana nayo. Hapo ndipo pikipiki kubwa za safari zilipopata jina. Tangu hapo zimezidi kunenepa. R 1250 GS, ya ukoo uleule, ina kilo 249 tangi likiwa limejaa. Honda Africa Twin ya cc 1100 inazidi kilo 220. Bado hujafunga masanduku, hema wala galoni la maji.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni kwamba tangu mwaka 2011 Dakar hairuhusu pikipiki inayozidi cc 450. Mashindano yaliyozipa umaarufu pikipiki nzito yameshaachana nazo, na mabingwa wa dunia sasa wanapita jangwani kwa mashine nyepesi. Waliobaki na kilo 250 ni raia wa kawaida, wengi wao wageni kabisa wa njia za vumbi.

Si kwamba wamekosea. Anayetoka Nairobi kwenda Ziwa Turkana ana mamia ya kilomita za lami mbele yake kabla ya kukanyaga changarawe. Hapo injini kubwa, kiti kipana na tangi la lita 20 au zaidi vina kazi. Shida huanza lami inapoishia. Wengi hudhani hapo ndipo nguvu za mikono zinapohitajika, kumbe uzito huu haubebwi na misuli ya mtu yeyote. Kazi ya mwanafunzi ni kuuzuia usianze kuanguka.

Hesabu ya kuanguka

Tuseme pikipiki ina kilo 250, na kitovu cha uzito wake kiko nusu ya kimo cha usukani. Ikiwa imesimama wima, vidole viwili vinatosha kuishikilia. Ikiinama nyuzi 5, mkono ulioshika usukani unahimili kama kilo 11. Ikifika nyuzi 15 ni kilo 32, na kwenye nyuzi 30 ni kilo 62. Kilo hizo 62 unazibeba ukiwa umepinda kiuno, mguu mmoja ukiwa juu ya kokoto zinazoteleza.

Hesabu hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza, marekebisho yafanywe mapema, pikipiki ikiwa bado karibu na wima, maana huko ni mepesi. La pili, ikishapita kiwango fulani, iachie. Ruka kando, iache ilale. Vyuma na plastiki hununuliwa dukani, lakini goti na mgongo havina duka.

Hapa ndipo mwenye uzoefu wa bodaboda anapotakiwa kujihadhari. Huyu ana elimu kubwa. Anajua kuisoma njia, anajua tope lipi lina chini ngumu, anajua mfereji wa magurudumu ya lori unaishia wapi. Lakini pikipiki yake ya cc 125 au 150 haifiki kilo 130, na mwili wake umezoea kwamba ikiteleza, mguu unatupwa chini, unasukuma, safari inaendelea. Mguu huohuo ukitupwa chini kwenye pikipiki ya kilo 250 unaweza kunaswa kati ya ardhi na sanduku la alumini la pembeni, na hapo kitakachovunjika si sanduku. Kwenye pikipiki nzito, maadamu inatembea, miguu inakaa juu ya vikanyagio.

Upepo, mizigo na mavazi

Maandalizi ya bei nafuu kuliko yote ni kupunguza upepo wa tairi. Kwa lami, pikipiki za aina hii hujazwa karibu psi 36 mbele na 42 nyuma. Kwa upepo huo tairi ni gumu, linagusa ardhi kwa eneo dogo na kurukaruka juu ya kila jiwe. Kwenye changarawe waendeshaji wengi hushusha hadi kati ya 25 na 30, na kwenye mchanga mzito hukaribia 20. Tairi lililolegea hutanuka na kushika. Lakini lina gharama yake: ukigonga jiwe kali kwa kasi, rimu inaweza kupinda. Kwa hiyo ukishusha upepo, shusha na mwendo, na uwe na pampu ndogo ya kujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Angalia na tairi lenyewe. Yale yaliyokuja na pikipiki kutoka dukani mara nyingi ni ya lami, na meno yake madogo hujaa tope ndani ya mita chache. Tairi la meno makubwa huisha haraka zaidi na huvuma barabarani, ila nje ya lami ndilo linalokupa breki na usukani.

Mizigo ikae chini na karibu na katikati ya pikipiki. Begi zito lililofungwa nyuma kabisa hulipunguzia tairi la mbele uzito, na usukani huanza kuyumba. Kwa mgeni, mabegi laini ya turubai ni salama kuliko masanduku ya chuma, kwa sababu ya ule mguu tuliousema. Mavazi yaanzie chini kwenda juu: buti ngumu zinazopita kifundo, kinga za magoti, glavu, koti lenye kinga, kisha helmeti. Anayenunua helmeti ya bei kubwa na kupanda amevaa raba amefanya nusu ya kazi.

Kusimama, macho na klachi

Kila mwalimu wa pikipiki hizi atakuambia usimame kwenye vikanyagio. Si kwa ajili ya kushusha kitovu cha uzito, maana mtu akisimama mwili wake umepanda juu. Faida yake ni kwamba wewe na pikipiki mnatengana. Ukikaa, kila shimo linaurusha mwili wako pamoja na mashine. Ukisimama, magoti yanakunjuka na kukunjika, pikipiki inacheza chini yako na wewe unabaki ulipo. Pia unaona mbali zaidi, na unaweza kuielekeza pikipiki kwa kukandamiza kikanyagio kimoja.

Simama magoti yakiwa yamelegea kidogo, yamelibana tangi kwa upole. Viwiko viwe nje, na vidole visiukamate usukani kwa nguvu. Ukiona mikono inachoka baada ya dakika kumi, ujue unaning'inia kwenye usukani badala ya kusimama juu ya miguu.

Macho yaangalie pale unapotaka kufika, mita ishirini au thelathini mbele. Anayelikodolea macho jiwe huligonga, kwa sababu mabega na mikono hufuata macho bila kuulizwa.

Kisha klachi. Pikipiki ikiwa katika mwendo mzuri, gurudumu la mbele hujielekeza lenyewe upande inakoinamia na kuisimamisha tena; hujui hata kwamba unasaidiwa. Mwendo ukishuka hadi ule wa mtu anayetembea, msaada huo huisha na mizani yote inabaki mikononi mwako. Hapo ishikilie klachi mahali pale inapoanza kushika, injini ikivuma kidogo, na breki ya nyuma ikikandamizwa kwa mbali. Vitu hivi vitatu kwa pamoja huivuta pikipiki na kuizuia kwa wakati mmoja, nayo hutulia. Wageni wengi huangusha pikipiki ikiwa karibu kusimama: wakigeuza kwenye njia nyembamba, au injini inapozimika katikati ya kona.

Ukigeuza taratibu, iache pikipiki iiname ndani ya kona huku mwili wako ukibaki nje, uzito ukiwa kwenye kikanyagio cha nje. Ni kinyume cha wanavyofanya waendesha pikipiki za mashindano ya lami, na mwili hukataa mwanzoni.

Breki

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, hata kwenye vumbi, lakini inataka kidole kimoja au viwili na mkono wa taratibu. Gurudumu la mbele likijifunga kwenye changarawe, unakuwa chini kabla hujajua. La nyuma likijifunga, mkia unayumba tu na mara nyingi unaokoka.

Pikipiki za kisasa zina ABS. Kwenye ardhi legevu mfumo huo unaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililojifunga lingekusanya udongo mbele yake na kusimama kwa huo. Ndiyo sababu nyingi zina mpangilio wa njia za vumbi, ambao huiacha ABS ya mbele ikifanya kazi na kuilegeza ya nyuma. Mgeni aanze na mpangilio huo. Na akumbuke kanuni ya fizikia isiyobadilika: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka karibu mara nne.

Ardhi na tabia zake

Barabara zetu za moramu zina vile viwimbi vya kukingama vinavyofanana na bati la paa. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba hata gurudumu dogo la maabara, likizungushwa juu ya mchanga mkavu, huvitengeneza viwimbi hivyo mara mwendo unapopita kiwango fulani. Ndiyo maana greda likipita leo, baada ya muda vinarudi. Ukienda kasi zaidi mtikisiko hupungua, kwa kuwa magurudumu yanaruka kutoka kilele hadi kilele. Lakini gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Mgeni atafute ukingo wa barabara, ambako viwimbi ni vidogo, na akubali kutikiswa.

Mwenda pole hajikwai, walisema wahenga, ila hawakuwa juu ya pikipiki kwenye mchanga wa pembezoni mwa jangwa la Chalbi. Kwenye mchanga, mwendo mdogo mno hulizamisha gurudumu la mbele. Sogeza uzito nyuma kidogo, shika gia ya pili, ongeza mafuta bila kusita na uache usukani ucheze. Utayumba, na kuyumba ni sehemu ya safari. Kosa kubwa ni kufunga mafuta ghafla kwa hofu: uzito wote huja mbele, gurudumu linachimba, na safari imeishia hapo. Hali ni hiyohiyo kwenye vumbi laini la volkano kuelekea Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai, ambako mawe hujificha ndani ya vumbi lenyewe.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa nyanda za Narok au Shinyanga, ukinyeshewa una ushauri mmoja tu: subiri. Hunata kwenye tairi hadi gurudumu la mbele likwame ndani ya madigadi. Jua la siku moja linaweza kuifungua njia ambayo nguvu zako zisingeifungua.

Mtoni, vuka kwanza kwa miguu. Ikiwa maji yanakuangusha wewe, yataiangusha na pikipiki. Na ikilala majini, zima injini papo hapo na usiiwashe tena kabla ya kutoa plagi na kuyamwaga maji yaliyoingia kwenye silinda. Maji hayashindiliki kama hewa. Kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Anzia uwanjani

Mambo haya hayafundishwi na safari ndefu. Kiwanja cha mpira cha kijijini asubuhi, kabla ya wachezaji, kinatosha. Anza kwa kuilaza pikipiki juu ya nyasi na kuiinua. Zima umeme, hakikisha imo kwenye gia, na ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua stendi kwanza ili isipitilize. Kata usukani hadi mwisho, igeuzie mgongo, chuchumaa, shika ncha ya chini ya usukani kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha isukume kwa miguu ukirudi nyuma hatua ndogondogo. Mgongo unabaki wima. Mapaja ndiyo yanayofanya kazi.

Ukishaweza hilo, tembea kando yake injini ikiwa inawaka, ukiiendesha kwa klachi peke yake. Kisha panda, zunguka kwa mwendo wa mguu, kwanza umekaa, halafu umesimama. Chora namba nane, kila mara ukiipunguza. Funga breki ya nyuma makusudi ili uizoee tabia ya mkia. Mwishowe tafuta mwinuko mdogo, izime katikati yake, na jifunze kushuka kinyumenyume ukiwa kwenye gia, ukitumia klachi kama breki.

Kama bado hujanunua, ushauri wangu ni kuanza na pikipiki ya cc 250 hadi 450. Itakufundisha yaleyale na kukusamehe mengi. Kama tayari una ile kubwa, usiende peke yako, beba maji kuliko unavyodhani utahitaji, na uache nyumbani ratiba ya njia yako. Kumbuka pia kwamba hifadhi nyingi za wanyama haziruhusu pikipiki, kwa hiyo panga njia ya kuzizunguka. Barabara ya Laisamis hadi Loiyangalani, zaidi ya kilomita 200, ilitengenezwa ili mitambo ya umeme wa upepo ifike karibu na Ziwa Turkana, na itaendelea kuwapo mwakani. Usiiguse kabla hujaweza kuinua pikipiki yako mwenyewe, ikiwa na mizigo yake yote, mara mbili mfululizo.