"Maibobo" si maoni

Tukiandika juu ya mavazi ya vijana, tuchunge maneno ya barabarani. Ukimwita kijana "maibobo" sababu ya suruali iliyopasuka, umekwisha kumhukumu mbele ya kutoa sababu.

Hata jina la nguo linabeba hukumu. Wakati wa Mobutu, "abakosti" ilitokana na maneno ya Kifaransa yanayosema "suti chini!", na wanawake walikatazwa suruali.

Hapa Kanyaruchinya, walipokimbilia watu wengi wa Rutshuru mwaka 2022, suruali iliyopasuka inaweza kuwa mtindo, ama ndiyo pekee aliyo nayo. Tuandike kwanza tulichoona na tulichomuuliza mwenyewe. Halafu tuseme tunakubali ama tunakataa. Huyo kijana naye anajua kusoma.