Majoho ya Kutoonekana: Vinara Watano

Kitu huonekana kwa sababu mwanga hukigonga na kutufikia machoni. Mwanga ukipindishwa ukakizunguka, kisha ukarudi kwenye njia yake, jicho halitajua kama kuna kitu. Tangu 2006 maabara kadhaa zimeshindania jambo hilo, na kila ushindi umekuwa na gharama yake.

La kwanza. Mwaka 2006, David Schurig na David Smith wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walificha silinda ya shaba wakifuata nadharia ya John Pendry wa London. Lakini ilifichika kwa mawimbi ya mikrowevu tu. Jicho liliendelea kuiona.

La kwanza la pande tatu kwa infraredi. Mwaka 2010, Tolga Ergin na Martin Wegener wa Karlsruhe, Ujerumani, walifunika kwa polima kivimbe kwenye tabaka la dhahabu, nacho kikaonekana bapa. Kimo chake hakikufikia hata unene wa unywele.

Jembamba kupita yote hapa. Mwaka 2015, kundi la Xiang Zhang wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani, lilitengeneza ngozi ya nanomita 80, yenye vipande vidogo mno vya dhahabu. Ilifanya kazi kwa mwanga mwekundu wa nanomita 730, lakini kwa umbo lile tu ililopimiwa.

La jiwe la asili. Mwaka 2011, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, na wa Singapore waliunganisha vipande viwili vya kalsaiti, madini yanayounda mawe ya chokaa, wakaficha kabari ya chuma yenye kimo cha milimita 2. Hapo kitu cha kushikika mkononi kilifichika kwenye mwanga tunaouona. Sharti ni kwamba mwanga utikisike katika mwelekeo mmoja tu.

Rahisi kuliko yote. Mwaka 2014, John Howell na Joseph Choi wa Chuo Kikuu cha Rochester walipanga lenzi nne za kawaida katika mstari. Mkono ukipita kati yake hupotea, na ukuta wa nyuma huonekana kwa rangi zake zote, hata mtazamaji akisogea kidogo. Ila katikati kabisa ndipo miale inapokutana, hivyo pasizibwe.

Kwangu taji ni la Rochester. Dhahabu ya nanomita inahitaji maabara ya mamilioni. Lenzi nne zinaweza kupangwa na mwalimu wa fizikia juu ya meza ya darasa, na wanafunzi wakapima wenyewe.