Sarafu ya kasoro au sarafu iliyoharibika? Mnunuzi apime kwanza

Mchuuzi wa vitu vya kale anayeshika sarafu ya Mjerumani huko Bagamoyo, Saadani au Pangani huwa na bei mbili kichwani. Moja ni ya sarafu ya kawaida. Ya pili, iliyo juu zaidi, ni ya ile inayonadiwa kuwa "ilikosewa kiwandani". Hapo ndipo mteja huumia. Kosa la kiwandani huweza kupandisha bei, lakini sarafu iliyoharibiwa na watu au bahari baadaye hushuka.

Bagamoyo ilikuwa makao ya utawala wa Kijerumani hadi 1891, hivyo pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, zilifika hapa mapema. Zilipigwa kati ya 1890 na 1892, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Iliyolala kwenye mchanga wa chumvi huliwa: uso huwa na vishimo, herufi hufifia na uzito hupungua. Kuiita "nyembamba ya kiwandani" ni maneno ya dalali.

Rupia za fedha zina mkasa wao. Zilitobolewa au kutiwa kikonyo kwa lehemu ili zivaliwe kama kidani. Tundu la sonara hukata picha au maandishi, tena mara nyingi huacha kingo zilizokwaruzika. Tundu la kiwandani, kama la heller 10 zilizoanza 1908, limetengewa nafasi yake katikati ya mchoro. (Heller hizo ndizo zilizotuachia neno hela.)

Mtego mwingine ni heller 5 isiyo na tundu. Asiyejua huidhani adimu kwa kuwa zile za 1913 na 1914 zina tundu. Lakini heller 5 za 1908 na 1909 ni kubwa, za shaba nyeusi, na hazikuwa na tundu tangu mwanzo. Za Tabora za 1916 pia hazina.

Kwa mistari usoni, kioo cha kukuzia kinatosha. Mhuri ukipasuka, madini huingia katika ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari au kisu huchimba mfereji. Ukingo uliomeguka nao una siri yake: kisahani kikikatwa vibaya kabla ya kupigwa chapa, ukingo wa upande ulio mkabala na pengo mara nyingi huwa hafifu. Pengo la tupa haliugusi upande huo. Na picha iliyogeuka na kuzama huweza kutengenezwa kwa kubana sarafu mbili kwenye jiliwa. Geuza upande wa pili, utaukuta umebonyea.

Tabora ndiko hesabu huvurugika. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na meli za Waingereza, Wajerumani walipiga sarafu katika karakana ya reli, kwa shaba iliyokusanywa, yakiwemo maganda ya mizinga. Heller 20 zenye herufi T zilitoka zikiwa na picha hafifu, nyufa za mhuri na chapa iliyohama kando. Wabelgiji waliuteka mji huo Septemba mwaka huohuo. Makosa hayo ni ya kweli, ila ni ya kawaida mno kwa sarafu hizo. Anayedai bei maradufu kwa sababu ya ufa mmoja anauza kilicho katika nyingi. Wakusanyaji huangalia zaidi aina ya taji, umbo la herufi na hali ya sarafu.

Mizani ya sonara humaliza ubishi mwingi. Rupia nzima ina gramu 11.66, iliyolika sana au kukwanguliwa itapungua, na iliyotiwa kikonyo huweza kuzidi.

Sarafu za kale zaidi, kama za shaba za masultani wa Kilwa, ni suala jingine kabisa: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, viwe na kasoro au visiwe nayo.