Vichwa vikipungua, barabara haiji

Wewe unayeamka asubuhi ukadandia matatu hadi shuleni au kazini, je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeamua barabara ipite mtaani kwenu? Nchini India, kwa watu wa mashambani, jibu mara nyingi hupatikana katika hesabu ya watu.

Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa India ina vijiji zaidi ya 640,000, na kwamba watu wapatao milioni 833 walikuwa wakiishi mashambani. Vichwa si kitu pekee kilichoorodheshwa. Kwa kila kijiji iliandikwa pia kama kuna basi, stesheni ya gari moshi, shule na zahanati. Palipokosekana huduma, iliwekwa herufi: a ikiwa iko chini ya kilomita 5, b kati ya kilomita 5 na 10, na c ikiwa ni mbali zaidi ya hapo. Usiidharau herufi hiyo. Kwa mama mja mzito aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua, c ni safari ya kubebwa kwa machela.

Mmoja aliyeonja machungu ya umbali ni Dashrath Manjhi, kibarua wa kijiji cha Gehlaur katika jimbo la Bihar. Kilima cha mawe kilikitenga kijiji hicho na mji wenye matibabu. Baada ya kufiwa na mkewe, Falguni Devi, Manjhi alishika nyundo na tindo mwaka 1960 akaanza kukipasua kilima. Majirani walimwona mwendawazimu. Alimaliza mwaka 1982, akiwa amechonga njia ya mita 110 hivi. Safari ya kati ya Atri na Wazirganj, iliyokuwa ya kilomita 55, ikawa ya kilomita 15. Alifariki mwaka 2007.

Watu 500

Lakini ni vijiji vingapi vitampata Manjhi wao? Mnamo Desemba 25, 2000, serikali ya Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Nia yake ni barabara zinazopitika kiangazi na wakati wa mvua. Kwa kuwa fedha hazimtoshi kila mtu, kipimo kiliwekwa: kitongoji cha nchi tambarare kiwe na watu 500 au zaidi, cha milimani au jangwani, 250.

Sasa fikiria kitongoji tambarare chenye watu 480. Kikiwa na jirani ndani ya mita 500, hesabu zao zaweza kujumlishwa. Kikiwa peke yake ng'ambo ya mto, kitangoja. Nao vijana hawangoji. Wanahamia Delhi au Mumbai kutafuta riziki, wanachukua jamaa zao, na hesabu ya nyumbani inazidi kushuka. Ukosefu wa barabara unawafukuza watu, na upungufu wa watu unaifukuza barabara.

Awamu ya nne ya mpango huo iliidhinishwa Septemba 2024, ikilenga vitongoji 25,000 ambavyo bado havijafikiwa. Hata hivyo, inategemea hesabu ile ile ya 2011, kwa sababu sensa ya 2021 iliahirishwa wakati wa korona na sasa imepangwa kukamilika 2027. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 2012 anatembea kwa miguu kwenda shule, lakini katika daftari la barabara hayumo.

Basi, mwanafunzi unayekariri takwimu za jiografia kwa ajili ya mtihani, zitazame tena kwa makini. Nawe mzazi, karani wa sensa atakapobisha hodi kwako, mpe jina la kila mtu aliyelala nyumbani, hata la mtoto mchanga. Huenda yeye ndiye atakayetimiza idadi.