Daftari na Simu Mtaani Makomeno

Mwenye duka wa Makomeno, katika komini ya Lubumbashi, akitaka kulipia mzigo ulioshushwa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, hana haja tena ya kumkabidhi dereva bahasha ya noti na kumwombea salama njiani. Kwani tangu mwaka 2012, M-Pesa ilipoingia Kongo miaka mitano baada ya kuzaliwa Kenya, fedha husafiri kwa simu, dola kwa dola na faranga kwa faranga, zikapokewa kwenye kabini ya wakala iliyo chini ya mwavuli. Wazee wa pwani, waliotumiana mali kwa hawala, wasingalistaajabu sana.

Lakini mwombe akuonyeshe hesabu zake, naye atatoa chini ya meza daftari, wenyeji huliita kaye, lenye majina ya wadeni yaliyokatwa kwa wino mwekundu. Simu yake yazijua fedha zilizopita. Haijui unga uliosalia ghalani, wala haimjui mteja achelewaye kulipa, ilhali kampuni kubwa inayomuuzia huyajua hayo yote kabla jua halijachwa, na ndiyo ikopeshwayo, kwa kuwa benki husoma mizania, haisomi kaye.

Wala tusimhukumu kwa ujinga. Kompyuta yataka umeme, na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, aghalabu hukatika. Ile njia ya nyaya itokayo kwenye mabwawa ya Inga, iliyokamilika mwaka 1982 baada ya kukata masafa ya kilomita zipatazo 1,700, ilikusudiwa migodi ya shaba, na mitaa hungoja masazo. Intaneti naye huinunua kwa mega chache chache, mfano wa mafuta ya kupikia yanayopimwa katika vifuko, na kila mpishi ajua kwamba kipimo kidogo ndicho kilicho ghali. Serikali nayo, mwaka 2020, ikaanzisha ada ya RAM, yaani ya kusajili simu, ikikatwa katika salio la mtumiaji, hata manung'uniko ya umma yakaiondoa mwaka 2022. Siku zile, kusema kweli, kalamu ilipendeza.

Basi wengi wameshika njia ya kati: picha za vitenge kwa WhatsApp, oda kwa sauti, malipo kwa M-Pesa, na deni katika kaye. Siku karatasi za kodi zitakiwapo, kaye hupelekwa kwenye kibanda cha fotokopi chenye jenereta, ambako kijana huzinakili tarakimu katika kompyuta, akitoza kwa ukurasa, naye amekwisha kuuzoea mwandiko wa mteja wake kuliko mteja mwenyewe.