Nywele za Kisogoni na Upara wa Utosini

Mtaani Umoja, kiti cha kinyozi hakikosi mshauri. Juzi mzee mmoja alilalamika kwamba alipandikizwa nywele kwa akiba ya miaka mingi, kisha daktari akamwandikia sindano za testosteroni. Akaambiwa papo hapo kuwa fedha zake zimekwenda na maji.

La hasha! Ni kweli kwamba mwaka wa 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kuwa waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara, ila baadhi yao wakipewa testosteroni hupukutika nywele. Lakini mwaka wa 1959 Norman Orentreich wa New York alibainisha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa utosini hudumu na tabia ya zilikotoka.

Zilizo hatarini basi ni zile za asili zilizobaki kandokando. Mwilini, sehemu ya testosteroni hugeuzwa kuwa homoni kali zaidi inayodhoofisha mizizi yake, na mwenye urithi wa upara huweza kubakia na kisiwa cha nywele jangwani. Finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani kwa upara mwaka wa 1997, huzuia mageuzi hayo, ingawa matokeo huchukua miezi.

Isinunuliwe kwa kunong'onezana na mwenye duka la dawa. Huweza kupunguza ashiki. Mjamzito hapaswi kugusa kidonge kilichovunjika. Tena hushusha kwa takribani nusu kipimo cha damu kinachochunguza tezi dume. Mzee akimficha daktari wake hilo, saratani huweza kupita bila kuonekana.